Bati la Sufuria ya Maulidi

Mwaka ule nilirudi Kindu kwa garimoshi la mizigo, nimeketi juu ya magunia ya mchele wa Kibombo, na kabla sijanawa uso mama mdogo akanivuta jikoni kwake nikaone sufuria. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alikwisha kuzoea. Tangu nilipoacha shule, kabla hata ya kumaliza madarasa ya msingi, nilikuwa mtu wa kupotea na kurudi. Nilipakia mashua bandarini, nikasukuma mabehewa, nikaosha mawe kwenye machimbo ya Kalima. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi yenyewe inavyokwenda, halafu miguu ikaanza kuwasha.

"Inama," mama mdogo akasema. "Tia kichwa ndani."

Ilikuwa sufuria ya shaba, pana kiasi cha mtu mzima kuweza kuoga ndani yake. Watu wa mtaa wetu walipenda kusema ililetwa na mababu waliokuja na misafara ya pwani. Wengine, wasiopenda makuu, walisema ilinunuliwa tu Kasongo. Vyovyote iwavyo, ndani yake ndimo ulimopikwa wali wa Maulidi wa upande wetu wa mto, na mpishi, tangu bibi alipofariki, alikuwa mama mdogo.

Nikatia kichwa. Zamani ndani mlikuwa mweupe, kwa sababu mlipakwa bati. Sasa weupe ulibaki vipande vipande, na katikati shaba ilijitokeza nyekundu kama ulimi. Karibu na mdomo palikuwa na doa la kijani.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Hiyo kijani njo iliwapeleka watu chooni siku ya Idi. Mimi ninasingiziwa nyama mbaya. Nyama ilikuwa muzuri!"

Shaba iliyo wazi haipatani na vitu vikali. Ukiipikia ndimu au nyanya hutoa kijani hicho, na kijani hicho hupindua tumbo. Bati ndilo hukaa katikati ya shaba na chakula likawazuia wasigombane. Mkuu wa kamati ya Maulidi, mzee mmoja mpole aliyeuza vitambaa sokoni, alikuwa amekuja kumwambia mama mdogo, kwa maneno matamu sana, kwamba kama sufuria haitapakwa bati kabla ya sikukuu, basi wali utapikwa ng'ambo, Alunguli, ambako wanawake walikuwa wamenunua sufuria mpya za alumini.

"Wali ya Maulidi kuvuka maji," mama mdogo akasema. "Mimi nikiwa muzima. Nitatazama wapi?"

Fundi aliyekuwa akipaka sufuria bati alikuwa amehamia Bujumbura. Na yale maduka yaliyokuwa yakiuza vijiti vya bati, tangu serikali iyatoe kwa wageni na kuwapa wenyeji, yaliuza viberiti na vitambaa vyenye picha ya Rais. Mama mdogo alikuwa amezunguka mji mzima akiuliza. Ndiyo maana alinisubiri: mimi nilikuwa mtembezi, lazima ningejua.

Nikatoka uani, nikanyoosha kidole juu.

"Bati? Mama, bati njo inafunika mji huu wote!"

Hapa inafaa nieleze jambo la lugha. Watu wengi wa nchi yetu, yale mashiti ya kuezekea nyumba huyaita manjanja. Sisi wa mtaa wa Waislamu wa Kindu tulijivunia Kiswahili chetu. Tulisema kama watu wa pwani, hata kama ndiyo yetu ilitoka njo, tukasema bati, na mtu akisema manjanja mbele yetu tulimtazama kama amekuja mezani bila kunawa. Basi kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi. Sufuria hupakwa bati. Nyumba huezekwa bati. Neno moja, kitu kimoja. Kilichohitajika ni kuyeyusha bati la paa na kulimimina kwenye sufuria.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi katika karakana ya reli, amestaafu, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na tanuri la mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Nilimwita Papa Fundi. Yeye aliniita Mutembezi. Nilimweleza, akakuna kidevu.

"Miaka yote niliyofanya reli," akasema, "nimepiga bati, nimekata bati, nimetoboa bati. Kuyeyusha, bado."

"Haiwezi kuyeyuka?"

"Kila kitu inayeyuka, Mutembezi. Unaongeza tu makala," akasema, akipiga teke gunia la mkaa.

Bati tulilitoa kwenye paa la choo cha mama mdogo, kona moja iliyokuwa imelegea. Nilimwambia nitaiezeka tena. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa za salongo, wakati watu wote wa mtaa walipaswa kuwa nje wanafagia na kukata nyasi kwa amri ya serikali, na sisi wawili tuliona ni saa nzuri kwa sababu hakuna ambaye angekuja kutusumbua. Tukakatakata lile bati, tukalishindilia kwenye chungu cha udongo, tukafukia chungu katika mkaa, nikaanza kuvuta mivukuto.

Kwanza hapakutokea kitu. Halafu mdomoni mwa chungu ukatoka mwali wa rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye moto, kati ya buluu na kijani. Papa Fundi akapiga makofi. Halafu ukaja moshi. Ulikuwa mweupe pepe, mzito, na ndani yake vikapaa vinyoya vyepesi kama pamba iliyochambuliwa. Vikapanda, vikavuka ua, vikaanza kuteremka taratibu juu ya watu wa salongo. Vilitua kwenye kofia ya mkuu wa mtaa. Vilitua kwenye nguo nyeusi za jirani alizokuwa ameanika. Kichwa cha Papa Fundi, ambacho kilikuwa na upara, kikaota mvi upya.

"Vuta!" akaniambia akikohoa. "Vuta, inakuja!"

Moshi ulipopungua tukamwaga chungu. Ndani mlikuwa na vipande vyetu vilevile, vimejikunja, vyekundu kwa kutu, wala havijayeyuka hata ncha. Weupe wao wote ulikuwa umeondoka na upepo.

Nje ya ua watu walikuwa wamekusanyika. "Papa Fundi, munapika nini huko, mawingu?" mmoja akauliza. Mama mdogo akaja anakimbia, kanga begani, akatazama chungu, akanitazama mimi.

"Umechoma choo yangu," akasema. "Bati iko wapi?"

Hapo ndipo alipoingia mwalimu. Alikuwa kijana mwenyeji wa Kibombo, anafundisha kemia katika shule ya sekondari, mwembamba, na kwa siku ya salongo alikuwa na jembe mkononi lakini abakosi mwilini, lile koti rasmi lisilovaliwa tai, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kwanza alituamuru tutoke kwenye ule moshi, akisema unaweza kumtia mtu homa. Halafu akadaka kinyoya kimoja hewani, akakisugua kati ya vidole, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Zinki!" akasema. "Nani amechoma manjanja?"

"Hapa hatusemi manjanja," Papa Fundi akamjibu. "Tunasema bati."

"Papa, samahani sana. Hiyo njo imewapoteza. Manjanja hii, ndani ni chuma. Juu wameivisha zinki, nyembamba kama shati, isipate kutu. Mumevua shati, mumeichoma, imekuwa unga. Bati haimo. Hata kidogo haimo."

Watu walicheka mpaka mkuu wa mtaa akasahau kwamba alikuja kutufungulia mashtaka ya kukwepa salongo. Kilichochekesha, naona, si moshi. Ni kwamba mtu wa Kibombo anayesema manjanja asingeweza hata siku moja kukosea vile. Kosa lile lilitaka mtu mwenye Kiswahili safi.

Mama mdogo peke yake hakucheka. "Mwalimu," akasema, "hiyo bati ya kweli, iko wapi?"

Mwalimu akaelekeza jembe lake upande wa stesheni. "Mama, inapita hapa kila siku. Yale mawe meusi yanatoka Kalima, yale mazito, kasiteriti. Hiyo njo bati. Lakini iko imeshikwa."

"Imeshikwa na nani?"

"Na oksijeni."

"Anakaa wapi, huyo?"

Mwalimu akaketi juu ya gogo akatueleza, na mimi, niliyeosha mawe yale miezi mingi bila kujua ninaosha nini, nikasahau njaa. Alisema metali nyingi hazikai peke yake ardhini. Zimeolewa. Mume ni oksijeni, kitu kilekile kilicho hewani tunachovuta puani. Dhahabu ni ya kuringa, haimtaki, ndiyo sababu huiona inang'aa mchangani ilivyo. Shaba humkubali, lakini ndoa yao si ngumu. Chuma humpenda zaidi, na ukimtenganisha naye leo, kesho atamrudia: hiyo ndiyo kutu. Zinki zaidi ya hapo. Umeona jinsi ilivyomkimbilia kwa moto na moshi mweupe. Na alumini ndiyo kupita wote. Wale wanaotengeneza sufuria za Alunguli hutumia umeme wa maporomoko mazima kuwatenganisha.

"Na bati?" nikauliza.

"Bati iko katikati. Na sisi tuko na mtu mwenye kumpenda oksijeni kuliko bati inavyompenda." Akaokota kipande cha mkaa. "Huyu. Kwenye moto mukali, makala inamwita oksijeni, anatoka, wanakwenda pamoja juu kama hewa. Bati inabaki pale, peke yake."

"Makala ni malaya," Papa Fundi akasema.

"Papa, darasani nitatafuta neno ingine."

Halafu mwalimu akashusha sauti, akaniambia mimi kwamba kila mwaka aliandika jambo lile ubaoni kwa chaki, kushoto jiwe na kaboni, yaani mkaa, kulia bati na hewa, na wanafunzi walinakili; lakini yeye mwenyewe hajawahi kuona. Shule haikuwa na hata chupa moja ya dawa za maabara. "Ndugu," akasema, "ukipata ile jiwe, munisubiri. Musianze bila mimi."

Jiwe nilijua pa kulipata. Kule yalikopakiwa magunia ya kasiteriti, magunia yalipasuka, na waliofagia walitupa taka zote kwenye mteremko wa kuelekea mtoni: vumbi, makapi ya mchele, mavi ya mbuzi, na humo humo mchanga mweusi. Nilimwomba mlinzi, akasema takataka ni takataka, chukua. Nikazoa, nikateremka nayo Lualaba, nikaingia maji ya magoti na karai.

Kazi hiyo niliijua. Unazungusha karai, maji yanachukua vyepesi. Makapi huondoka kwanza, halafu udongo, halafu mchanga mweupe. Kasiteriti ni nzito karibu mara tatu ya mchanga. Haina haraka ya kwenda popote. Hukaa chini ya karai, nyeusi, inang'aa kidogo kama mbegu za papai.

Mtumbwi wa kutoka Alunguli ukapita karibu, umejaa wanawake wanakwenda sokoni.

"E baba, unaosha nini?" mmoja akaniita. "Taka za garimoshi?"

"Ninaosha bati."

"Bati!" Wakaangua kicheko. "Huyu njo yule wa moshi! Mwambie mama yako asijisumbue. Sisi kule tuko na sufuria inang'aa mpaka unajiona meno."

"Mutaona meno yenu mukija kula kwetu!"

"Tutakuja na kamba ya kufungia tumbo!"

Mtumbwi ukayumba kwa kucheka, mpiga kasia akawafokea. Nikaendelea kuzungusha karai mpaka mgongo ukagoma.

Mwalimu alikuja baada ya masomo, safari hii amevua abakosi. Tulitwanga ule mchanga mweusi kwenye kinu kibovu, tukauchanganya na unga wa mkaa, kwa sababu, alisema, wawili hawawezi kuzungumza kama hawajakaribiana. Tukaufunika kwa mkaa mwingine juu ili hewa ya nje isiingie kuharibu maneno. Papa Fundi akasimamia moto, mimi mivukuto. Chungu kikawa chekundu, halafu cha rangi ya chungwa, halafu rangi ambayo huwezi kuitazama. Mama mdogo aliketi kwenye kibao akichambua mchele ambao haukuwa na haja ya kuchambuliwa.

Tulipofungua, mlikuwa na mabonge meusi. Hakuna kingine.

Sijawahi kuona mtu aliyevunjika moyo kama yule mwalimu. Alisimama pale mikono imening'inia. Kitabuni, alisema, hapakuwa na mabonge.

"Kitabuni hakuna mavi ya mbuzi vilevile," Papa Fundi akasema, akainua nyundo, akapasua bonge moja.

Ndani, kama mayai ya samaki, mlikuwa na punje za fedha. Nyingine ndogo kama kichwa cha pini, nyingine kama dengu. Mwalimu akapiga magoti chini akaanza kuzichokonoa kwa kijiti, akisema peke yake kwa Kifaransa. Tukavunja yote. Lakini punje zilikuwa zimeshikana na uchafu na vipande vya chuma, na mama mdogo alisema wazi kwamba vile haviingii kwenye sufuria yake.

Hapo wakashauriana wale wawili. Mwalimu alijua kwamba bati huyeyuka upesi kuliko metali nyingi, kwa moto ambao hata risasi ya nyavu haiyeyuki. Papa Fundi alijua nini cha kufanya na habari hiyo. Alichukua shiti moja la chuma, akaliinamisha juu ya moto mdogo, wa kukaangia karanga tu, tukaweka punje na uchafu wake wote sehemu ya juu. Baada ya muda kidogo bati likatokwa jasho. Likakusanyika, likateremka peke yake, jeupe, polepole, likaingia kwenye kijifereji cha mchanga. Taka na chuma vikabaki juu vinalitazama. Lilipopoa lilikuwa kijiti kinene kama kidole gumba, na baada yake vingine vichache.

Mwalimu akakichukua kimoja, akakisogeza kwenye sikio la mama mdogo, akakikunja.

Mama mdogo akaruka. "Inalia!"

"Ndiyo. Bati safi ukiikunja inalia. Zinki hailii hivi, risasi hailii."

"Inalia nini?"

"Imeachwa na mume," Papa Fundi akasema.

Kila mmoja alitaka kusikia. Tulikunja kile kijiti mpaka mama mdogo akatunyang'anya, akisema tutakimaliza.

Kupaka ilikuwa kazi yake na ya Papa Fundi. Mama mdogo alisugua ndani ya sufuria kwa mchanga na ndimu mpaka shaba ikawa kama ya jana. Tukaipasha moto kwa chini, tukanyunyiza utomvu mkavu uliosagwa, ule wa kuzibia mitumbwi, ili oksijeni asipate kurudi haraka, mwalimu alisema. Halafu mama mdogo akagusisha kijiti cha bati. Kikayeyuka, kikasimama tone. Akalifuta kwa pamba, haraka, kwa mzunguko, na nyuma ya mkono wake shaba nyekundu ikageuka nyeupe kana kwamba anawasha taa. Alipaka chini, akapaka mbavu, akapanda. Kijiti cha mwisho kikaisha kiganja kimoja chini ya mdomo wa sufuria.

Tukatazamana. Nikasema nitarudi mtoni.

"Hapana," akasema. "Maulidi ni keshokutwa. Wali itakoma hapa." Akapitisha kidole mahali weupe ulipoishia. "Nitapika mara mbili."

Mkuu wa kamati aliitwa. Alikuja na ndimu yake mwenyewe mfukoni, mpole kama kawaida, akaikamulia ndani, akatuambia tusubiri mpaka baada ya swala ya alasiri. Mama mdogo aliswali akiwa na macho mlangoni. Mzee aliporudi akainama, akatia kichwa, akakaa humo muda mrefu kiasi kwamba Papa Fundi aliuliza kama amelala. Sauti ikatoka ndani ya sufuria, nzito kama ya kisimani:

"Hakuna kijani."

Siku ya Maulidi sufuria iliinjikwa alfajiri, na kama alivyosema, alipika mara mbili. Duru ya kwanza waliila wazee na wageni, pamoja na wale wanawake wa Alunguli, ambao walikuja kweli na kula kweli. Duru ya pili ilitusubirisha sisi vijana huku dufu zikiendelea kupigwa, na hakuna aliyelalamika sana, maana harufu ya nyama na binzari ilikuwa imetukalisha kimya. Hakuna aliyekimbilia chooni, ingawa kona ya paa ilikuwa bado wazi.

Shida ilianza mwishoni, wakati wa ukoko. Watu wa Kindu wanapenda ukoko. Miaka yote ya nyuma wanaume walijipanga na vijiko vya chuma kukwaruza chini ya sufuria, na sasa wakaja tena, vijiko mkononi. Mama mdogo akawakuta njiani. Alisimama mbele ya sufuria na mwiko wa mti kama askari wa mpakani.

"Kijiko ya chuma haiingii humu! Kuanzia leo!"

"Mama, ukoko bila kukwaruza?"

"Bati hii nimeisikia ikilia. Hamtailiza tena."

Akamimina maji ya moto kidogo, akafunika, akawaambia anayetaka ukoko angoje ulegee wenyewe. Wengi walinung'unika wakaondoka. Alibaki mmoja tu, sahani mkononi, ambaye siku chache nyuma alikuwa tayari kuuvusha wali ule maji. Mama mdogo alimwekea kibao karibu na moto, naye mkuu wa kamati akaketi, akakunja kanzu yake magotini, akangoja.